Fundi Saa na Sarafu za Wafalme Wadogo

Wale mlio kwenye veranda sogeeni ndani, nafasi ipo huku mbele, na mvua hiyo haitatungoja. Wazee wa kanisa, wasaidieni akina mama wenye watoto. Haya. Bwana asifiwe.

Somo mmelisikia likisomwa, sitalirudia. Badala yake nitawapa mfano. Nilipokuwa nauandaa jana niliinuka kitini mara mbili nikaenda kunywa maji, maana haukunikalia vizuri. Basi nanyi nivumilieni.

Kulikuwa na fundi saa mmoja katika mji mdogo chini ya milima hii. Majina yake yote hamyahitaji. Watu walimwita Baba Nakiete, kwa sababu mtoto wake wa pekee alikuwa binti aitwaye Nakiete, aliyesomea uuguzi akaolewa Dodoma. Na mke wake, kama mnavyojua kwetu, alikuwa Mama Nakiete. Watu wa kanisani, watu wa heshima. Mzee hakunywa, hakupigana, hakuwa na nyumba ya pili. Ukimpelekea saa yako asubuhi, jioni inatembea. Nani asingependa mume kama huyo?

Lakini mzee huyu alikuwa na ugonjwa mmoja mtamu. Alikusanya sarafu za dhahabu za Kijerumani.

Ilianza hivi. Miaka mingi nyuma bibi mmoja wa Kijerumani, mjane wa mwenye shamba la mkonge, alikuwa anafunga virago kurudi kwao. Akamwita fundi amrekebishie saa yake ya ukutani ili aisafirishe ikiwa nzima. Kazi ilipokwisha, yule bibi akafungua kijaluba akamwekea kiganjani sarafu moja ndogo, ya manjano, nzito kuliko ilivyoonekana. Upande mmoja tai. Upande wa pili uso wa mtu mwenye nywele za mawimbi.

Fundi akauliza, "Huyu ndiye Kaisari?"

Bibi akacheka. "Huyu ni mfalme wa Bavaria. Kaisari ni mwingine."

Akamweleza jambo ambalo fundi hakuwahi kufundishwa shuleni. Kwamba zamani Ujerumani haikuwa nchi moja, ilikuwa vipande vipande, falme na tawala ndogo ndogo, nyingine hata hazifiki ukubwa wa wilaya yetu. Na walipokuja kuungana chini ya Kaisari, wale wafalme wadogo walinyang'anywa mengi, lakini wakaachiwa heshima moja: kila mmoja aliruhusiwa kuweka sura yake kwenye dhahabu. Tai nyuma kwa wote, mbele kila mtu na uso wake.

Fundi alirudi nyumbani na mfalme wa Bavaria mfukoni, na usiku huo hakulala. Si dhahabu iliyomnyima usingizi. Ni lile neno "kila mmoja." Aliwataka wote.

Ndugu zangu, mkusanyaji ni mtu wa ajabu. Wewe na mimi tunatazama tulichonacho. Yeye anatazama pengo. Akapata Prusia kwa muuza vitu vya kale wa Tanga. Akapata Saksonia. Akaandikiana barua na watu wa mbali, akapata Badeni na Hese, akapata Hamburg, ambayo haikuwa na mfalme kwa hiyo waliweka ngome yenye minara, na Bremen, ambao waliweka ufunguo. Kiwanja alichorithi kwa baba yake kikageuka kuwa sarafu moja ya Oldenburg. Kila moja alikuwa akiitazama kwa lenzi ile ya fundi saa, ile inayobanwa jichoni, na alikuwa anaishika kwa kibano, akiwa amevaa glavu za kitambaa cheupe.

Siku moja mke wake alisimama nyuma yake akitoka jikoni. Akamwambia, "Baba Nakiete, hebu nami nishike moja. Hiyo yenye ufunguo."

Mzee akajibu bila kugeuka, "Mikono yako ina kitunguu."

Mama akaitazama mikono yake, akarudi jikoni. Hakuomba tena. Ilikuwa miaka kumi na miwili kabla ya siku ninayotaka kuwaelezea, na kwa miaka hiyo yote mama hakuuliza hata mahali zinapowekwa. Ni mzee peke yake aliyejua. Alikuwa amezitia kwenye kopo la bati, akalifunga kwa nailoni, akalifukia ndani ya banda la kuku, chini kabisa ya kiota cha pembeni. Mama alikuwa anaingia bandani kila asubuhi kuokota mayai, anapiga magoti juu ya wafalme wa Ujerumani, na hajui.

Sasa, pengo moja lilimsumbua mzee kuliko yote. Palikuwa na utawala mdogo uitwao Waldeck. Mdogo kweli, na sarafu zake zilitengenezwa chache sana. Aliwahi kuiona kwenye picha tu. Aliitafuta miaka tisa. Aliandika barua, alipiga simu, akamwambia kila mtu aliyeonekana kuelewa, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mtu akitaka kitu sana hawezi kunyamaza kuhusu kitu hicho. Anasema dukani, anasema kwenye basi, anamwambia mteja aliyeleta saa ya mkononi. Na maneno yana miguu.

Jumatatu moja simu ikaita. Sauti ya mtu mstaarabu, anasema taratibu.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe unatafuta Waldeck."

Mzee alikuwa anakunywa chai. Aliiweka chini ikamwagika.

"Marahaba. Unayo?"

"Ninayo. Ilikuwa ya babu yangu, alikuwa mpishi wa misheni. Lakini siiuzi kwa mtu asiyejua thamani yake. Nataka kwanza nione zako. Nikiona umezitunza, nitajua na hii itatunzwa."

Je, mnasikia jinsi mtego unavyotegwa kwa maneno ya heshima? Hakusema nataka pesa. Alisema nataka kuona upendo wako. Angekuja kwa pupa, mzee angeshtuka.

Mama Nakiete alikuwa anachambua mchele mezani, amesikia nusu ya mazungumzo.

"Ni nani huyo?"

"Mtu mwenye Waldeck. Anakuja Alhamisi saa nane."

"Anakuja hapa? Nyumbani? Kwa nini msikutane dukani kwako, watu wanapita?"

"Mama Nakiete, vitu hivi havioneshwi barabarani."

Mama akaacha mchele. "Mimi siyajui mambo ya sarafu. Ila mtu mwenye dhahabu ya kweli, ana Dar es Salaam, ana Nairobi, ana masonara wa Kihindi. Anakuja kumtafuta fundi saa wa huku kwa nini? Mwambie asije."

"Unaniombea mabaya."

"Nakuombea mema. Mwambie asije, baba."

Mzee aliinuka akaenda kupiga pasi shati lake jeupe. Jumatatu, anapigia pasi Alhamisi.

Alhamisi saa nane gari dogo likasimama nje. Wakashuka watu wawili. Mmoja amevaa koti la suti, ana miwani, mkononi mkoba wa ngozi. Wa pili mnene, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, akatambulishwa kuwa dereva. Mama akawakaribisha, akawaletea maji ya kunywa kwenye trei, akapiga goti kama tulivyolelewa. Yule wa koti akamwambia, "Asante sana, mama, Mungu akubariki." Kisha mama akarudi jikoni. Alikuwa anakaanga maandazi, kwa sababu saa tisa wanawake wa jumuiya walikuwa wanakutana kwake kwa maombi.

Sebuleni mzee alikuwa ametandika kitambaa cheusi mezani, ameweka mizani ndogo ya sonara, kibano, lenzi. Na alikuwa ametoa bandani sarafu moja tu, ile ya Bavaria, ya kulinganishia uzito. Nyingine aliziacha ardhini. Akili kidogo ilikuwa bado imebaki.

Mgeni akafungua mkoba. Akatoa kitambaa cha buluu, akakikunjua polepole. Sarafu ikang'aa.

Mzee akavaa glavu. Akaiweka kwenye mizani. Uzito ukakaribia ule wa Bavaria, ukapungua kidogo tu. Akabana lenzi jichoni, akainama.

Akaona uso. Akaona masharubu. Kisha akaona vitundu. Vidogo sana, kama vya juu ya chapati. Dhahabu iliyogongwa kwa mashine ya serikali haina vitundu. Vitundu ni vya kitu kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Akaigeuza kwa kibano atazame ukingo wake. Wapendwa, sarafu zile za kweli, pembeni, pale ambapo sisi huwa hatutazami, kumezungushiwa maneno ya Kijerumani yenye maana ya "Mungu yu pamoja nasi." Mzee aliyajua maneno yale kwa moyo. Akazungusha sarafu yote. Ukingo ulikuwa mtupu.

Na akiwa bado ameinama, lenzi iko jichoni, akasikia nyuma yake komeo la mlango likisukumwa. Taratibu. Ka.

Alijua hapo hapo. Hakuinua kichwa. Ukiwa umeinama unaweza kujidanganya sekunde moja zaidi kwamba hakuna kitu.

"Mzee," alisema yule wa koti, sauti ile ile ya ustaarabu, "naona umeshaelewa. Basi tusichoshane. Moja iko mezani. Nyingine ziko wapi?"

"Sina nyingine."

"Unazo kumi na moja. Ulimwambia mtu dukani, ukamtajia moja moja."

"Niliuza."

Dereva akampiga kofi. Lenzi ikaruka ikagonga ukuta. Mzee akashika shavu, akarudia, "Niliuza zote." Wakaingia chumbani. Wakapindua godoro, wakamwaga sanduku la nguo, wakachana mito. Wakafungua saa kubwa ya ukutani wakang'oa mashine yake. Wakapanda juu ya kiti wakasukuma dari. Hawakupata kitu. Mzee alikuwa amekaa palepale, na mtanisamehe nikisema, ndani yake kulikuwa na kitu kama furaha. Hawatapata. Niliziweka vizuri. Hawatapata.

Ndipo yule wa koti akasema, "Mlete mama."

Mama Nakiete alikuwa ameshasikia vishindo, alikuwa mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Dereva akamkamata mkono akamleta, akamkalisha kwenye kiti cha kulia, akamfunga mikono nyuma kwa waya wa pasi. Akatoa kisu kirefu, cha buchani, akakiweka hapa. Hapa, chini ya sikio.

Yule wa koti akavuta kiti akakaa mbele ya mama, magoti yanakaribia kugusana.

"Mama, dhahabu iko wapi?"

"Sijui, mwanangu."

"Mama, usinidanganye."

"Sijui. Sijawahi kuambiwa. Sijawahi hata kuishika."

Yule mtu alimtazama mama muda mrefu. Wezi nao wana ujuzi wao, wanajua sauti ya ukweli. Akageuza kiti kwa mzee.

"Hajui. Wewe unajua. Sema."



Mama akasema, "Baba Nakiete."

Basi. Jina lake tu. Kama anavyomwita chakula kikiwa tayari.

Mzee akatazama sakafu.

Kisu kikasogea. Damu ikatoka, si nyingi, mstari mwembamba ukashuka mpaka kwenye ukosi wa gauni. Mama akavuta pumzi.

"Baba Nakiete, waambie."

Mzee akatazama sakafu. Palikuwa na vigae vyeupe na vyekundu, na alikuwa anavitazama kama mtu anayetafuta sindano.

Niwaulize, nyinyi mlioko hapa, mnadhani alikuwa anafikiri nini? Msiseme alikuwa hampendi. Miaka thelathini na minne ya ndoa! Alimuuguza alipougua kifaduro, alimjengea jiko la nje kwa mikono yake. Kama ungemsimamisha asubuhi ile ukamuuliza, mke au sarafu, angekufukuza kwa kumtukana. Yeye mwenyewe hakujua. Kuna mambo mtu hayajui juu yake mpaka siku yanapoulizwa, na siku yanapoulizwa jibu linakuwa lilishaandaliwa zamani, kidogo kidogo, bila yeye kujua anaandaa.

Alijiambia, hawatamuua. Wanatisha tu. Dakika moja zaidi. Nikikaza dakika moja, watakata tamaa.

Mama akaita mara ya tatu. Safari hii hakusema "waambie." Alisema, "Baba Nakiete, nitazame."

Hakumtazama.

Nataka tukae kimya kidogo. Wote. Watoto pia. Msikohoe.

...

Ukimya huo mnaousikia ndio uliokuwa sebuleni.

Kisha nje, getini, wakasikika wanawake. "Hodi! Hodi humu! Mama Nakiete, tumewahi leo!" Walikuwa akina mama wa jumuiya, na mmoja wao ana kicheko kikubwa. Dereva akamtazama mwenzake, jasho limemtoka. "Nimalize?" akauliza. "Nimkate mama, mzee aone hatutanii?"

Yule wa koti akasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Akamwangalia mzee, kisha mama, kisha mzee tena.

"Acha," akasema. "Huyu hata ukimchinja mkewe mbele yake hasemi. Mimi ni mwizi, lakini nina mke."

Akamwinamia mama. "Umekaa naye miaka mingapi, mama?"

"Thelathini na minne."

"Pole sana," akasema. Na alisema kweli, sauti ilikuwa ya msibani. Akaokota Bavaria pale mezani, akaitia mfukoni, wakatokea mlango wa nyuma. Waliruka ua, gari likasikika likiondoka.

Wale akina mama waligonga, wakagonga. Mwishowe mmoja wao, Mama Kajiru, akazungukia nyuma, akakuta mlango wa jikoni wazi, mafuta yanaungua jikoni, maandazi meusi. Akazima jiko, akaingia sebuleni. Akamkuta Mama Nakiete kwenye kiti, amefungwa mikono kwa waya, damu shingoni, peke yake.

"Yesu! Mama Nakiete! Nini hiki? Ni nani amekufanya hivi?"

Wakaingia wengine, mayowe, mmoja anafungua waya, mwingine anavua kitenge kukandamiza jeraha. Mama Kajiru anazunguka vyumba. "Na shemeji yuko wapi? Shemeji! Wamemchukua? Wamekwenda naye?"

Mama Nakiete alikuwa hajalia mpaka hapo. Akasema, "Yuko nyuma. Ametoka mara tu walipoondoka."

Wakakimbia nyuma. Walidhani amelala chini na kisu mgongoni. Wakasikia kuku wanapiga kelele. Banda liko wazi. Ndani yake Baba Nakiete, na shati lake jeupe la pasi, amepiga magoti kwenye kinyesi cha kuku, amefukua kwa mikono. Amelikumbatia kopo. Anazihesabu kwa vidole, midomo inacheza. Akamwona Mama Kajiru mlangoni akamwambia, na uso wake unang'aa, "Zipo! Zote zipo!"

Mama Kajiru ni mwanamke wa maneno mengi. Siku ile aligeuka tu, akarudi ndani kwa Mama Nakiete.

Jeraha la mama lilishonwa nyuzi nne katika zahanati. Jumamosi binti akaja kutoka Dodoma, akaona shingo ya mama yake, akasikiliza habari yote amesimama, hakukaa. Jumapili wakaondoka wote wawili kwa basi la asubuhi. Mama hakumtukana mumewe. Alimwachia nyama imeungwa ndani ya sufuria, akamwonesha ilipo chumvi.

Mzee akakaa na dhahabu yake. Wiki ya kwanza alisema, alikuwa na hofu tu, atarudi. Alimwambia kila aliyemtembelea, "Mimi nilijua hawatamuua. Na kweli, walimuua?" Watu wakaitikia kwa vichwa, wakaaga. Mwezi wa pili akaacha kusema. Mwezi wa tatu kuku walikufa kideri, hakununua wengine. Alikuwa analitoa kopo mezani, anazipanga, Prusia, Saksonia, Badeni, na anajikuta amekaa nazo mpaka chai imepoa hajatazama hata moja kwa lenzi. Mwezi wa nne akalifunga kopo ndani ya begi akapanda basi la Dodoma.

Alifika saa kumi jioni. Mama alikuwa uani kwa binti yake, anapalilia mchicha. Kovu lilikuwa limepona, jembamba, kama uzi uliosahaulika shingoni. Akamwona mumewe getini, akanawa mikono, akamletea kigoda. Akamsalimu. Akamuuliza habari za safari.

Mzee hakuweza kukaa. Akatoa kopo, akaliweka juu ya mkeka mbele ya mama, akafungua kifuniko. Jua lile la jioni la Dodoma likaingia ndani ya kopo, na kopo zima likawa kama limewashwa taa.

"Mama Nakiete," akasema, "nimekosa. Nimekuletea zote. Chukua. Uza, tupa mtoni, fanya unavyotaka. Ni zako. Turudi nyumbani."

Aliyatoa maneno hayo moyoni. Msidhani alikuwa anaigiza. Mtu huyo alikuwa ametubu, na alikuwa analia.

Mama hakuzigusa. Akapangusa udongo kwenye vidole.

"Baba Nakiete," akasema, "wewe umeelewa vibaya. Siku ile mimi sikuwa nakuomba uwape wezi dhahabu yako. Najua uliipata kwa shida. Kama ungenitazama, hata kama ungenyamaza, ningejua niko na wewe. Ningeweza hata kufa. Nilikuambia nitazame. Ni hicho tu nilichotaka. Sitaki makopo. Nataka unitazame."

Kisha akangoja.

Na ndugu zangu, hapa ndipo nilipoinuka jana nikaenda kunywa maji. Kwa sababu mama alipokuwa akisema hayo, machozi yakiwa bado yanamtoka mzee, toba ikiwa bado ya moto kinywani, mtoto wa Nakiete, mdogo, wa kutambaa, alikuwa amejivuta mpaka pembeni mwa mkeka, akanyoosha kamkono kake akaokota moja akaipeleka mdomoni. Na mzee akaruka. Akapiga kelele, "Aa! Hiyo ni Oldenburg!" akamshika mtoto mkono akamnyang'anya, akaipangusa mate kwenye shati, akaigeuza upande huu, upande ule, kuona kama imekwaruzwa.

Alipoinua uso, mama alikuwa ameshambeba mjukuu wake anayelia, ameingia ndani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa taratibu tu.

Huo ndio mfano.

Sasa najua mnavyofikiri. Mnafikiri, mchungaji, sisi hatuna dhahabu ya Wajerumani. Mimi sijui hata Waldeck iko upande gani. Kweli. Lakini sikuja kuwaonya juu ya dhahabu. Dhahabu haina shida. Ile sarafu haikumfunga mama waya. Haikumziba mzee mdomo.

Nimekuja kusema na sisi. Sisi ambao tuna shamba lenye mpaka, na kwa ajili ya hatua mbili za mpaka huo tumeacha kumjua mtoto wa mama yetu. Sisi ambao tuna cheo kanisani hapa, ndiyo, hapa, mimi wa kwanza, na kwa ajili ya cheo hicho tumenyamaza pale ambapo mtu alikuwa anatuita kwa jina. Sisi ambao mtoto anasimama mbele yetu anasema, baba, tazama nimechora, na tunamjibu "hm" macho yakiwa kwenye simu. Wewe unadhani mzee yule alianza kutomtazama mkewe siku ya kisu? Alianza siku gani?

Na tusijidanganye na toba ya kupeleka kopo. Tuko hodari sana hapo. Tumekosea nyumbani, tunanunua kitenge. Tumewatelekeza wazazi, tunatuma pesa kwa simu. Tumemwacha Mungu wiki nzima, tunaleta sadaka Jumapili, tena nene, kwenye bahasha. Tunaweka mezani kitu chetu cha thamani na tunasema, chukua, turudiane. Na anayetungoja hataki kitu. Anataka macho. Anataka uinue uso kutoka kwenye kile unachokipenda umtazame yeye, na ubaki hapo, hata mtoto akiokota, hata kikikwaruzwa, hata kikipotea.

Mnaniuliza, je, mzee yule alisamehewa? Mama alimfungulia? Siwaambii. Mfano unaishia mlangoni, naye bado amesimama pale uani. Nasi tumesimama naye.

Mvua imeanza. Nzuri, hakuna atakayetoka mapema. Sitatoa sala bado. Kila mmoja ageuke sasa hivi, polepole, amwangalie aliyekuja naye leo. Mke, mume, mama, mtoto, jirani. Usitabasamu. Usiseme kitu. Simu weka chini, mzee wa safu ya tatu pale, nimekuona. Mtazame tu.

Bado. Msigeuke kwangu. Mimi sina kitu. Endeleeni kutazamana.